Kinaya ni nini hasa? Mwalimu ametia kosa, nyanya hakubali

Msafiri_wa_Likoni

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naombeni mnitoe kwenye hii kesi maana hapa nyumbani hakukaliki tangu Jumatatu.

Mdogo wangu wa kike yuko sekondari. Wiki iliyopita alipewa kazi ya Kiswahili afanyie nyumbani, swali moja lasema eleza maana ya kinaya na utoe mfano. Mi nilikuwa kazini, mama kasafiri, akamuuliza nyanya ambaye ametoka Mombasa kuja kutibiwa macho hapa Nairobi. Nyanya hakusita hata kidogo, akamwambia kinaya ni mtu kujikinai, yani ameridhika na nafsi yake mpaka wengine hawaoni. Mfano akampa wa jirani mmoja wa zamani aliyechimba kisima uani kwake enzi zile mtaa mzima ukipanga foleni mferejini alfajiri, anasema tangu siku maji yalipotoka yule mama hakuonekana tena mferejini, na ukimpita mlangoni umejitwika ndoo hakusemi wala hakutukani, anakutizama tu halafu anacheka kidogo kwa pembe ya mdomo. Nyanya akamalizia, "hiyo ndiyo kinaya, andika hivyo hivyo."

Mtoto akaandika hivyo hivyo, na kisima ndani na ndoo ndani 😅

Daftari limerudi na mkasi mwekundu ukurasa mzima, na chini mwalimu ameandika kinaya ni hali ambapo kinachotokea ni kinyume cha kilichotarajiwa. Tukamsomea nyanya. Kimya kidogo, kisha akauliza "huyo mwalimu wenu ni wa wapi?" Toka siku hiyo kila akipita mezani anagusa lile daftari na kusema Kiswahili mi nimezaliwa nacho, sikukipeleka shule.

Sasa nauliza, nani yuko sawa? Na kama nyanya yuko sawa, kuna mtu bado anatumia hilo neno hivyo? Na kama halitumiki tena, basi ile sura ya mama mwenye kisima tuiite nini, maana nimejaribu kiburi, maringo, majivuno, yote naona hayaingii sawasawa.

Mwalimu_wa_Zamu

Mwalimu yuko sawa. Nafundisha somo hili mwaka wa 14 sasa. Kinaya ni mbinu, msomaji anatarajia hili anapata lile, mganga wa kijiji kizima anafariki kwa homa ambayo dawa yake anaiuza yeye mwenyewe, hiyo ndiyo kinaya. Akisema mtu maneno kinyume na anachokusudia hicho pia ni kinaya, na akisema kwa kuuma ikawa kejeli. Habari ya mama na kisima ni hadithi nzuri lakini mtahini haitafuti, ana skimu yake mbele na karatasi mia mbili mezani. Mwambie dada yako aandike kinyume cha matarajio apate alama zake mbili aendelee na maisha.

Kwa nyanya nampa heshima zangu.

Jangwani_Mpaka_Kufa

Kwanza samahani, nyanya huku kwetu tunakatia kwenye mchuzi 😂😂 nimesoma "nyanya hakusita" nikadhani nimekosea njia

Pili mi nipo Dar, hilo neno kwa maana ya bibi yako sijawahi kulisikia mtaani ila hiyo sura naijua vizuri kuliko ninavyojua namba yangu ya simu. Ngoja niwape mkasa. Tarehe 6 Mei 2012 Simba walitufunga sisi Yanga 5-0, sina haja ya kueleza zaidi, waliokuwepo wanajua. Kwenye kijiwe chetu cha kahawa kuna mzee wa Msimbazi, Simba damu, mtu mzima kabisa mwenye wajukuu, kuanzia kesho yake kila akiniona natokea kule kona anainua mkono kama ananisalimia, vidole vitano vimetanuka hivi 🖐🏾 basi, haongezi neno. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, mi nimeoa, nimepata watoto, nimehama nyumba nimerudi, mkono uko pale pale. Msibani tumekutana, mkono. Nimelazwa Muhimbili kaja kunitazama na machungwa, anaondoka, mlangoni akageuka, mkono!!

Tarehe 5 Novemba 2023 sisi tukawapiga 5-1. Nilihesabu, ni miaka 11 na miezi 6 kasoro siku moja. Kesho yake niliwahi kijiweni kabla hata makaa hayajashika, nikakaa kwenye gogo lake, alipotokea nikainua wa kwangu. Na hao mabinti wa mipasho wanasema roho kwatu, aisee siku ile nilielewa, roho ilikuwa kwatu, imesuuzika mpaka kwenye kona zake.

Sasa hiyo si ndo kinaya ya bibi? Huku tungesema mzee ana NYODO. Acha nyodo, ana nyodo yule, nyodo zimemjaa.

tabasamu_la_upande

Mkuu Jangwani nimecheka mpaka bosi kageuka. Ila umechanganya, roho kwatu ni ya ndani, nyodo ni ya nje. Unaweza ukawa roho kwatu umejifungia chumbani na hakuna anayejua.

Bi_Shuwari

Asalamu aleikum wanangu. Mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale, na umri wangu pengine wakaribia wa huyo nyanya. Sikuzoea kuandika humu, hua nasoma tu, lakini hili limenikaa.

Nyanyako yuwasema kweli. Kwetu mtu akiambiwa "ana kinaya" si sifa. Lakini sikiza vizuri, kinaya si maringo. Mwenye maringo akutaka wewe umtizame, akipita na buibui jipya usipogeuza shingo yote yamwishia pale pale, ataenda nyumbani alie. Mwenye kiburi naye ajipima na wewe, lazima awe juu na wewe chini ndipo apate raha. Wa kinaya hana haja na wewe kabisa. Ashashiba. Hapa kwetu ujirani ni kuombana, leo mimi sina chumvi natuma mtoto kwako, kesho wewe huna makaa watuma mtoto kwangu, na siku ya idi sahani zavuka njia hii na hii, na sahani haifai kurudi tupu, hata kama ni tende tatu watia. Sasa kuna mtu haji kuomba chumvi hata siku moja, na ukimpelekea sahani airudisha na neno, "tushashiba, ahsanteni." Ahsanteni na nini? Hakukutusi, lakini umerudi kwako wahisi umefukuzwa. Huyo ndiye mtu wa kinaya, na yule mama wa kisima mimi namuona mbele ya macho yangu, maana kila mtaa una wake.

Na wewe kijana wa Jangwani, nakupenda kwa ucheshi wako, lakini yule mzee wako hana kinaya. Miaka kumi na moja yuwakuinulia mkono! Huyo akuhitaji mno. Usipotokea kwenye ile kona siku yake haijaanza. Ule ni utani, na hizo nyodo ukitaka, lakini kinaya haiinui mkono.

Jangwani_Mpaka_Kufa

Bi mkubwa umeniweka chini. Shikamoo.

Sasa umenikumbusha kitu nilikuwa nimeshakizika. Kwenye kijiwe hicho hicho kulikuwa na mzee mwingine wa Simba, marehemu sasa Mungu amrehemu, fundi cherehani. Siku ile ya kesho yake 2012 mimi nimejitayarisha kabisa, nimepanga majibu, marefa, kipa, uwanja, kila kitu. Mzee akaja, akavuta kikombe, akaanza kuongelea bei ya sembe. Sembe tu. Kisha mvua. Kisha akamuuliza muuza kahawa mwanae kafaulu. Mpira hakuutaja ASUBUHI NZIMA, na mimi nimekaa pale majibu yananichachia tumboni. Akanyanyuka, akalipa kahawa yake na YANGU, akaniambia "mchana mwema kijana." Aisee. Yule wa mkono sikuwahi kumchukia, tunataniana mpaka leo, lakini ile kahawa ya kulipiwa nilikunywa kama shubiri na mpaka leo nikiikumbuka napata joto la masikio.

Hiyo ndo kinaya??

Bi_Shuwari

Hiyo ndiyo. Na Mungu amrehemu.

wa_huku_huku

Jamani maneno ya Kimvita yabaki Kimvita. Sanifu ilishaamuliwa 1928, na mkutano wenyewe ulifanyika hapo hapo Mombasa, wakachagua Kiunguja. Karibu miaka mia sasa bado tunabishana, wanafunzi wanafeli kwa sababu ya mabibi.

Nahodha_wa_Mutrah

@wa_huku_huku mimi mzaliwa wa Unguja, huku Muscat nipo mwaka wa tisa, na kukinai tumekua nako Unguja pia. Usitutumie sisi kuwapigia watu wa Mombasa, hatukukutuma.

Nirudi kwenye swali, maana naona watu wanagombania jina moja kumbe ni watu wawili. Mimi ninavyoona hapa pana maneno mawili yaliyotoka sehemu mbili yakakutana kwetu yakavaa kanzu moja. Kwa Kiarabu kuna qanaa, inaanza na qaf ile ya kooni na inaishia na ayn, maana yake kutosheka, kuridhika na ulichopewa. Halafu kuna kinaya, hii kaf ya kawaida na mwisho ni ya na ta, hii ni neno la wanazuoni wa balagha, elimu ya ufasaha, linakaa pamoja na tashbihi na istiara, maana yake kusema jambo kwa kulizunguka, unataja kitu unakusudia kingine kinachofuatana nacho. Mfano wake unaosomeshwa ni mtu kuambiwa ana majivu mengi. Majivu mengi maana yake anapika sana, anapika sana maana yake ana wageni wengi, ana wageni wengi maana yake ni mkarimu. Hakuna aliyesema mkarimu lakini umeelewa.

Sasa sisi Waswahili qaf na kaf zote tunazitamka k, na ile ayn ya mwisho tunaimeza. Ndio haya ukayapata. La kwanza likatupa kukinai, ukinaifu, kujikinai na hiyo kinaya ya nyanya. La pili likatupa kinaya ya mwalimu, na hata hiyo ya mwalimu haikufika kama ilivyoondoka, maana kule kwao si kinyume cha matarajio, ni kuzunguka tu. Kwa hiyo huyo mwalimu asimcheke nyanya sana, na lake limebadilika njiani.

Ukifungua kamusi za zamani kinaya utaikuta na maana ya kujitosheleza na ufidhuli. Nyanya hajatunga.

Jambo moja linalonishangaza siku zote ni kwamba neno lenyewe lilianza kama sifa. Wenyewe wanasema kukinai ni hazina isiyokwisha, na darsani tukifundishwa kuomba Mungu atupe moyo wa kukinai. Unaomba kukinai asubuhi na jioni jirani anakusema una kinaya, sasa mtu ashike lipi 😄 Nadhani tofauti iko kwenye ile "ji". Aliyekinai ameridhika na alichopewa na Mungu. Aliyejikinai ameridhika na yeye mwenyewe.

Halua_Nyeusi

Nahodha umesahau maana ya tatu, ya chakula! Sisi kwetu nimekinai ni nimeshiba mpaka sitaki kukiona. Halua ikizidi sukari tunasema inakinaisha, kipande cha pili huwezi mpaka upate kahawa chungu. Kaimati vilevile, ukila tano za mwanzo ni raha, ya kumi unaitizama kama adui.

Kwa hiyo mtu akijikinai yeye, anatukinaisha sisi 😂

Nahodha_wa_Mutrah

Umeniweza.

manukuu_na_maisha

Nimeufuata uzi huu toka jana kwa sababu za tumbo langu, mi natafsiri manukuu ya filamu, zile herufi zinazopita chini ya kioo. Sasa kuna lile tabasamu, nyote mnalijua, mtu amemaliza kumshinda mwenzie kesi au kamnyang'anya shamba, anakaa kwenye kiti, anaegemea, mdomo unapanda upande mmoja. Kwenye maelezo ya wasiosikia lazima niandike anatabasamu VIPI. Na nina herufi chache tu, nikizidisha zinapita kabla mtu hajasoma.

Nimewahi kuandika "kwa kuridhika", ikawa kama ametoka kula ugali. Nikaandika "kwa kujiridhisha", meneja wangu akanirudishia akasema hiyo ni ya kipolisi, na kweli, huku Tanzania kujiridhisha ni uchunguzi, tumejiridhisha kwamba marehemu hakuwa na majeraha, tumejiridhisha nyaraka ni halali. (Na Kenya nasikia ina maana nyingine ambayo siandiki hapa.) Kwa majivuno ni kubwa mno, mtu wa majivuno anaongea, anajipiga kifua, huyu wangu kanyamaza. Kwa kubweteka ndo kabisa, kubweteka ni ile makocha wanasema kila Jumapili, tumeshinda lakini hatutabweteka, mtu aliyeridhika mpaka akalala usingizi. Huyu wangu yuko macho kweli kweli.

Ugomvi wangu wa pili ni hizi ji. Hebu tizameni, kujiona, kujisikia, kujidai, kujivuna, kujigamba, kujitapa, kujishaua, kujikweza, kujinasibu, na hii ya vijana kujimwambafai. Kiswahili kimemkamata huyu mtu kwa sarufi, anachofanya chote anajifanyia mwenyewe. Halafu ukiongeza ki-i kidogo tu nyuma unamsafisha, kujivuna ni aibu lakini kujivunia ni fahari, najivunia nchi yangu, najivunia mwanangu. Yani ukimpa kitu cha nje cha kujivunia anakuwa mtu mwema, ukimuacha na nafsi yake tupu anaharibika.

Haya swali langu kwa Bi Shuwari na Nahodha, nikiandika ANATABASAMU KWA KINAYA nitaeleweka?

Mwalimu_wa_Zamu

Utaeleweka. Msomaji wa Kenya ataona tabasamu la mtu anayejua jambo ambalo mwenzake halijui, tabasamu lenye kinyume ndani yake.

Nahodha_wa_Mutrah

Na msomaji wa mwambao ataona tabasamu la mtu aliyejikinai. Na wote wawili watakuwa wanatizama mdomo ule ule umepanda upande ule ule. Kwa hiyo andika bila wasiwasi, ni pale tu ambapo yale maneno mawili hayagombani.

Mwalimu_wa_Zamu

Hili nakubali. Nimekaa nikalifikiria. Huko kwenye riwaya na tamthilia tunazosomesha mhusika akitabasamu kwa kinaya wanafunzi huandika "anakejeli" na mimi huwapa alama, lakini nikisoma tena baadhi yao hawakejeli mtu, wamekaa tu wamejipenda. Sijui nimegawa alama ngapi za bure.

Lakini kwenye mtihani mkasi wangu uko pale pale!

Bi_Shuwari

Mwanangu wa manukuu, andika. Lakini kama ni mwanamke aliyemshinda mke mwenza usiandike kutabasamu, andika amejifunga leso mpya. Sisi zamani hatukuwa na haja ya mdomo. Leso yasema "mtasema mchana usiku mtalala," wajifunga wapita mlangoni kwa mwenzio polepole, wafika dukani wanunua kiberiti kimoja, warudi njia ile ile. Kiberiti nyumbani kimejaa!

manukuu_na_maisha

Bi mkubwa hiyo siwezi kuitia kwenye herufi arobaini ila nitaikumbuka mpaka kufa.

Jangwani_Mpaka_Kufa

Huku kwetu hatuna uvumilivu wa leso. Huku ni KIKO WAPI?! Unamshinda mtu, unamfuata mpaka kwake, kiko wapi sasa! Na kama amelia unaongeza NA BADO. Na ile uchaguzi wa 2015 ilikuwa mtaisoma namba, unajua ilivyo, gari limekupita linakuachia vumbi wewe wa nyuma unabaki kusoma namba yake. Ikatoka kwenye siasa ikaingia kwenye mpira, ikaingia kwenye mapenzi, mpaka mama mwenye nyumba akipandisha kodi anakuambia mtaisoma namba. Hizo zote ni za kelele, kwa darsa la Bi Shuwari hakuna hata moja yenye kinaya, kweli si kweli?

tabasamu_la_upande

Kweli kabisa. Ukisema kiko wapi maana yake ulikuwa na wasiwasi kitakuwepo.

Jangwani_Mpaka_Kufa

🤐 uzi huu una watu

wa_huku_huku

Nimekaa kimya nikasoma. Sitaki kusema nilikosea kuhusu 1928, hilo ni sahihi na tarehe ni sahihi. Ila mama mkwe wangu ni wa Pemba, nikampigia kumuuliza kinaya ni nini, akaniuliza "umeambiwa na nani kuwa ninayo?" Akakata simu. Naomba anayejua namna ya kumtuliza mama mkwe aniandikie faragha.

Halua_Nyeusi

😂😂😂😂 mtume sahani, na asiirudishe tupu

Msafiri_wa_Likoni

Jamani nimerudi, samahani nilikuwa zamu ya usiku. Asanteni sana, sikutegemea.

Nyanya haoni vizuri kwa sasa, jicho moja lina bendeji, basi jana baada ya magharibi nilimsomea uzi wote kuanzia juu, kila mtu na jina lake. Ya mzee fundi cherehani na kahawa aliniambia nirudie mara ya pili. Ya majivu mengi aliipenda sana, akasema marehemu babu yenu alikuwa na majivu mengi mpaka tukafilisika. Bi Shuwari anakusalimu, anauliza wewe ni wa kina nani pale Mji wa Kale maana anadhani yule mwenye kurudisha sahani mnamjua nyote wawili. Nahodha amesema "kijana huyu amesoma" akanyamaza kidogo, kisha akaongeza "na yeye yuwajua kuwa amesoma." Sijui kama hiyo ni salamu.

Kwa mwalimu hakusema kitu. Nikamuuliza, sasa nyanya, mtoto ana marudio Ijumaa na swali linaweza kurudi, aandike ya nani? Akavuta mtandio wake, akajiegemeza kwenye mto.

"Muandikieni ya mwalimu. Ya kwangu haina haja ya alama."

Na akatabasamu ile, nyinyi mnajua ile.

Jangwani_Mpaka_Kufa

🖐🏾